Sauti Haipotelei Wenje

Kila masomo mseto, yale ya ukumbini na mtandaoni kwa pamoja, yanapoyumba katika vyuo vikuu vyetu vya Kenya, lawama hutupwa mbali na chuo. Mwanafunzi aliye Wenje, au Mnazini, au kijiji chochote kando ya mto Tana kati ya Hola na Garsen, huambiwa kasoro iko kwake: mlingoti wa simu uko mbali, bando limekwisha, simu yenyewe kuukuu. Kauli hii imezoeleka hata haiulizwi tena. Wakuu wa vyuo huirudia wanapoomba bajeti, wanasiasa huirudia wanapoahidi minara, na wanafunzi wameimeza mpaka wao ndio wanaoomba radhi, "samahani mwalimu, huku mtandao unasumbua," kwa kosa ambalo mara nyingi si lao. Mimi nadai kinyume. Mhadhara unaomfikia mtu wa Wenje ukiwa mavurugu, kwa sehemu kubwa umeharibika kabla haujagusa mtandao wowote. Umeharibikia ukumbini, katika zile mita tatu au nne baina ya mdomo wa mhadhiri na kompyuta iliyoachwa mezani. Hata kila mwembe wa Wenje ukipewa mlingoti wake, sauti hiyo itafika mbovu vilevile, ila itafika upesi.

Tuzitazame hizo mita. Sauti ikitoka mdomoni hutawanyika, na kila umbali unapoongezeka maradufu, ile inayosafiri moja kwa moja hushuka takriban desibeli 6. Maikrofoni ya kubana kwenye kola iko kama sentimita 20 kutoka mdomoni. Ile ya ndani ya kompyuta, mhadhiri akiwa amesimama ubaoni, iko mita 3 na ushei. Kutoka sentimita 20 hadi 320 umbali umejizidisha maradufu mara 4, kwa hiyo desibeli 24 zimekwenda na upepo. Kelele, kwa upande wake, haikupungua hata chembe. Feni ya dari iko palepale, viti vya chuma vinaburutwa, pikipiki inapita chini ya dirisha, na ndani ya kompyuta yenyewe kuna kifeni kinachozunguka vidole viwili tu kutoka kwenye maikrofoni inayotarajiwa kumsikia profesa. Ukumbi nao hujibu: kuta za saruji, sakafu ya saruji, vioo, na kila silabi inagonga ukuta kisha inarudi kuikanyaga inayofuata. Vokali zina nguvu, hivyo hudumu hewani. Konsonanti ni dhaifu, nazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, hivyo ndizo zinazozikwa kwanza. Aliyekaa ukumbini ana masikio mawili, ana shingo ya kugeuza, anaiona midomo ya mhadhiri, na ubongo wake umezoea kuchambua pumba na mchele. Maikrofoni moja haina shingo. Hukusanya vyote ikavitia gunia moja, na gunia hilo ndilo linalosafirishwa. Kiwango cha Marekani cha usikivu wa madarasa, kwa chumba cha ukubwa wa kawaida, kinataka kelele ya chumba kitupu isizidi desibeli 35 na mwangwi ufe ndani ya sekunde 0.6, nao wataalamu wa usikivu hushauri sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15. Ukumbi wa paa la bati wakati wa masika hauhitaji hata kipimo kujua uko wapi.

Hasara hii haiwapigi wote sawa, na hapo ndipo neno "tatizo la mtandao" linapogeuka dhuluma. Kijana wa Wenje husikia Kipokomo au Kiorma nyumbani, Kiswahili sokoni, na mhadhara kwa Kiingereza. Tafiti za usikivu zimeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba anayesikiliza lugha isiyo yake ya kwanza huumizwa na kelele kuliko mwenye lugha, hata pale ambapo chumba kikitulia wote wawili huelewa sawa. Sababu yake si ya kutafuta mbali. Mwenye lugha hujaza mapengo kwa kukisia. Aliyejifunza lugha hiyo shuleni akipoteza neno hurudi nyuma kulitafuta, na kabla hajalipata sentensi mbili zimeshampita. Hata mhadhiri akihamia Kiswahili, kama wengi wafanyavyo wanapotaka jambo liingie, hatari haiondoki, kwa sababu Kiswahili huweka mzigo mkubwa mahali padogo. Programu za mikutano hujaribu kuizima kelele pasipokuwa na anayesema, kisha huifungua njia mtu akianza, na zikichelewa sehemu ndogo ya sekunde silabi ya kwanza hukatwa. Mhadhiri amesema "hatukubali nadharia hii." Ikate "ha" tu, na mtu wa mbali ameandika daftarini "tukubali nadharia hii." Siku ya mtihani hakuna atakayemuuliza nani alikata.

Baya kuliko yote ni maswali. Mhadhara wa mseto unaorushwa kwa maikrofoni ya mezani husikika hivi kwa aliye nje. Mhadhiri ananyamaza. Inapita kama nusu dakika, ndani yake mnong'ono usioshikika na kiti kinacholia. Kisha sauti ya mhadhiri: "Ndiyo, lakini si katika hali hiyo." Darasa linacheka. Ndiyo kwa nini? Hali ipi? Wanacheka nini? Mwanafunzi wa mbali amepewa jibu lisilo na swali, nayo elimu ya chuo kikuu, kama ina tofauti yoyote na kitabu, tofauti yenyewe imo katika swali la mwenzako ambalo wewe hukulifikiria. Njia ya kurudi ni mbaya zaidi. Yeye akitaka kuuliza, sauti yake hutokea kwenye kispika cha kompyuta kisichofika mstari wa pili wa viti, mhadhiri anainama, anasikiliza, anakata tamaa: "Andika tu kwenye chati." Chati husomwa mwisho wa kipindi kama muda upo, na muda haupo. Huyo si mwanafunzi tena, ni mtu aliyechungulia dirishani. Sehemu ya dawa ya ugonjwa huu haina hata bei: mhadhiri arudie swali kabla ya kulijibu. Inayobaki ni maikrofoni moja ya mkononi ya kupitishwa kati ya viti, na spika moja inayoweza kusikika hadi nyuma. Kwamba mambo madogo hivi bado hayajawa desturi kunaonyesha kwamba anayepanga masomo mseto hajawahi kuketi upande ule mwingine kwa saa mbili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mtazamo ninaoupinga una historia, na historia yake ni ya kungojea. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, tuliambiwa sasa umbali umekufa. Julai 2020, maputo ya Loon ya kampuni mama ya Google yalianza kurusha intaneti magharibi na katikati mwa Kenya kwa ushirikiano na Telkom. Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Nyuma zaidi, mwaka 1997, Benki ya Dunia iliasisi Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vilivyopokea mihadhara kwa satelaiti: picha ya mwalimu ilishuka kutoka ng'ambo, na mwanafunzi mwenye swali akatafuta simu. Katika kila awamu fedha na sifa zilikwenda kwenye bomba, na aliyeuliza maji yanayoingia bombani ni safi kiasi gani alionekana mtu wa mambo madogo. Na bado tulishajua kufanya vingine. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa, kikaja kuwaendeleza walimu waliokuwa kazini kwa vitabu vya masomo vikisindikizwa na vipindi vya redio ya taifa. Mwalimu wa kijijini aliposikiliza redio hakumwona mhadhiri. Alimsikia, kwa sababu mhadhiri aliketi studio, maikrofoni mbele ya mdomo, na mtu wa pili nyuma ya kioo ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha anasikika. Ninaposema tumerudi nyuma sizungumzii mitambo. Nazungumzia yule mtu wa nyuma ya kioo, ambaye tulimwondoa tukasema kompyuta itajifanyia.

Hesabu ya bando nayo iko upande wangu, nami nashangaa wanaolalamikia bando hawaifanyi. Opus, mfumo wa kusimba sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, ndio unaobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde hutoa sauti ya mtu iliyo safi kuliko simu ya kawaida. Saa moja ya mhadhara kwa kiwango hicho haifiki MB 11. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si video ya kujivunia, hula MB 450 kwa saa hiyohiyo. Chukua mwanafunzi mwenye kozi 5, kila moja saa 3 kwa wiki, muhula wa wiki 14: jumla saa 210. Kwa sauti ni GB 2 na kidogo kwa muhula mzima. Kwa video ni zaidi ya GB 94. Tofauti hiyo ndiyo inayomweka mtoto wa mkulima wa ndizi na maembe darasani au nje yake, wala haingoji serikali. Pia sauti ndogo hivyo huvumilia laini inayokatikakatika: ikidondoka hutumwa upya bila kusongamana, na faili zima hushuka usiku mtandao unapopumua. Kina mama wa vijijini wanaotumiana ujumbe wa sauti kutoka Garsen hadi Mombasa na hata Muscat wanaijua teknolojia hii vizuri kuliko kamati nyingi za ununuzi. Wao hushika simu karibu na mdomo. Hakuna aliyewafundisha, waliona tu kwamba ukiiweka mbali hawakusikii.

Nitajibiwa kwamba sauti peke yake haitoshi: fomula haisomwi kwa sikio, wala ramani, wala mchoro wa moyo. Ni kweli, lakini picha ambazo mhadhara unazihitaji kwa kawaida ni picha zilizotulia. Slaidi au picha ya ubao iliyopigwa kwa simu, ikipunguzwa ukubwa, ina uzito wa sekunde chache za video, na inaweza kutumwa asubuhi kabla ya kipindi. Kinachosogea ukumbini ni mhadhiri, na kusogea kwake hakumo kwenye mtihani. Zipo kozi, kama za maabara au upasuaji wa mifugo, ambako mwendo wa mkono ndio somo lenyewe. Hizo zipewe video na zipewe bajeti yake. Yupo pia mwanafunzi kiziwi, ambaye Katiba ya 2010 katika ibara ya 54 inamhakikishia haki ya kutumia lugha ya ishara: yeye anahitaji picha ya mkalimani, tena picha nzuri. Lakini hata manukuu yanayojiandika yenyewe kwenye skrini, ambayo humfaa yeye na wengine wengi, hutegemea sauti safi. Mashine isiyosikia huandika upuuzi, na huuandika kwa herufi nadhifu.

Wapo wanaoniambia nisubiri kidogo, akili unde itasafisha kila kitu. Programu za kuondoa kelele ni nzuri, nazo zimesaidia sana watu wanaofanya mikutano jikoni kwao. Kazi yake ni kuamua ipi ni sauti ya mtu na ipi ni kelele, kisha kuitupa ya pili. Kinachosemwa karibu na kwa nguvu hupita. Binti aliyekaa mstari wa mwisho, anayeuliza kwa sauti ya chini kwa sababu ni mara yake ya kwanza kunyoosha mkono tangu muhula uanze, kwa programu hiyo ni kelele. Na neno lililozama kabisa chini ya feni haliokolewi. Mashine ikijaribu hubuni kitu kinachofanana na neno, na mimi kuliko neno la kubuni ni afadhali kimya.

Kuhusu gharama sitakaa sana. Maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola huuzwa chini ya bei ya simu ya kugusa iliyo rahisi kuliko zote. Mazulia makuukuu, mapazia mazito, mbao zilizofunikwa kitambaa kwenye ukuta wa nyuma, vyote hupunguza mwangwi, na fundi seremala yeyote wa Garsen anaviweza. Mtaa ambao harusi haianzi kabla fundi wa mitambo hajasema "cheki, moja, mbili" hauwezi kuambiwa kwamba sauti ni sayansi ya wazungu. Imamu hubana maikrofoni kwenye kanzu, mhubiri huishika mdomoni, mpiga mnada hana habari ya kuiachia. Ni mhadhiri peke yake, mwenye wasikilizaji wanaolipa karo, anayeachiwa koo lake na bahati. Na vyuo vilivyofungwa Machi 2020, vikajifunza kufundisha kwa mtandao usiku na mchana, vimekuwa na muda wa kutosha kuligundua hili.

Pingamizi lenye uzito ni la wahadhiri wenyewe. Sauti safi hurekodiwa safi, na rekodi safi inaweza kuchezwa mwaka ujao bila mwenye sauti kulipwa, au kusikilizwa na mkuu wa idara anayetafuta kosa. Kwa watu ambao wamegoma mara kwa mara kudai stahili zao, hofu hiyo haitokani na wivu wa teknolojia. Siikatai, ila naona inapaswa kuelekezwa mahali pake: kwenye mkataba. Rekodi iwe mali ya mhadhiri, ifutwe muhula ukiisha, isitumike kumpima kazi bila ridhaa yake, na chama chao cha UASU kiliweke hilo mezani pamoja na mishahara. Lakini sauti mbovu si kinga. Mwajiri anayetaka kumnyonya mhadhiri atamnyonya hata kwa rekodi yenye feni. Anayelindwa na ubovu huo hayupo. Anayeumia yupo, na yuko mbali.

Nakubali kwamba mtandao wa kaunti ya Tana River ni dhaifu, na maeneo mengine hakuna kabisa. Anayeniambia nipande gari nikajionee hanipi jipya. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakavushwa kwa boti. Siku kama hizo hata mlingoti uliopo hufa mafuta ya jenereta yakikosa njia. Vyuo vikuu vya umma vilivyo karibu ni Pwani kule Kilifi na kile cha Garissa, na barabara ya kuvifikia ndiyo hiyohiyo inayolala chini ya maji. Hali hiyo hainifanyi nilegeze hoja, inaikaza. Njia ikiwa nyembamba ndipo inapobidi kuchagua unachopitisha. Mwenye mtumbwi mmoja hapakii viti akaacha abiria. Serikali iendelee na minara yake, na fedha za huduma kwa wote zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano zifike kule zilikokusudiwa. Ninachokataa ni chuo kujificha nyuma ya minara isiyojengwa ilhali ukumbi wake mwenyewe, ulio chini ya ufunguo wake mwenyewe, haujawahi kupimwa.

Kipimo chenyewe kina umri wa karne. Katika miaka ya 1910 na 1920 wahandisi wa mfumo wa simu wa Bell huko Marekani, Harvey Fletcher akiwa mmoja wao, walisoma orodha za silabi upande mmoja wa laini na kuhesabu ngapi zimeandikwa sawasawa upande wa pili. Hawakumuuliza mteja kama ameridhika, wala hawakusifu ukubwa wa waya. Walihesabu. Chuo kinaweza kufanya hivyo wiki ya kwanza ya kila muhula bila kununua chochote: mtu asimame pale anaposimama mhadhiri, feni ikizunguka, wanafunzi wakiwemo, asome maneno 100 yasiyofuatana kimaana ili asiwepo wa kukisia. Kisha mwingine asome 100 kutoka mstari wa mwisho wa viti, kwa kuwa huko ndiko maswali yanakotoka. Anayeandika asiwe ofisi ya jirani na intaneti ya waya. Awe Wenje, na simu ya kawaida, bando la kawaida, na rekodi ileile ya maneno iwe imehifadhiwa pia ukumbini kabla haijatumwa, ili ijulikane ni mangapi yamepotea njiani na ni mangapi hayakuwahi kuondoka. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayokagua maktaba na vyoo kabla ya kuidhinisha programu, iombe hesabu hizo mbili, na chuo kizibandike mlangoni kando ya ratiba: ukumbi huu, maneno 100 yaliyosomwa, yaliyotoka nje ya mlango ni haya, yaliyofika Wenje ni haya.